Watoto wa Usiku Mmoja

Mtaje nguchiro mbele ya mtu yeyote wa Dodoma, awe mzee wa Bahi aliyechunga ng'ombe tangu utotoni au kijana aliyekulia kwenye maghorofa ya Area D, na hadithi ya kwanza itakuwa ya nyoka. Ya pili itakuwa ya vifaranga. Zote mbili zina ukweli wake. Mwaka 1992 watafiti walieleza kwamba nguchiro wa Misri ana kipokezi kwenye misuli yake kilichobadilika umbo, hivyo sumu ya nyoka wa jamii ya swila haipati pa kushika. Kwa upande wa vifaranga, kila mfugaji wa kuku ana ushahidi wake. Lakini mhusika wa hadithi hizo mara nyingi ni nguchiro anayetembea peke yake, kama yule mwembamba mwenye ncha nyeusi ya mkia, anayekatiza barabara ya vumbi na kupotea kwenye nyasi kabla hujamtazama vizuri.

Mnyama wa sura hii ni ndugu yake asiyejua upweke: nguchiro miraba. Ajabu yake haiko kwenye meno wala kwenye pambano na nyoka. Iko kwenye namna kundi zima linavyolea watoto ambao hakuna mama anayeweza kuonyesha kwa hakika yupi ni wake. Nimesoma mengi kuhusu wanyama wanaoishi kwa makundi, kuanzia simba hadi nyani, na sijakuta jamii iliyopangwa kwa namna ya kushangaza kuliko hii, tena inayoishi humu humu, kwenye vichaka ambavyo sisi huviita pori tupu.

Kwa umbo si mkubwa. Uzito wake ni kilo moja na nusu hadi mbili hivi, miguu ni mifupi, pua imechongoka, na manyoya ni ya kijivu kilichochanganyika na hudhurungi. Miraba yenyewe, kumi au zaidi, huanza katikati ya mgongo na kuishia kwenye shina la mkia. Kucha za mbele ni ndefu, kwa sababu maisha yake yote ni kuchimba. Anakula mbawakawa, mchwa, siafu, nyenje, jongoo, nge, konokono, mayai, vyura, na mjusi akipatikana. Huvunjavunja mavi ya wanyama wakubwa akitafuta wadudu waliojificha ndani. Nyoka yumo kwenye orodha, lakini chini kabisa.

Kundi likiwa kazini husikika kabla halijaonekana. Wanyama ishirini, wakati mwingine zaidi ya thelathini, wametawanyika chini ya miti, kila mmoja ameinamisha pua kwenye majani makavu, na kila mmoja anatoa sauti fupi ya chini, tena na tena, bila kuinua kichwa. Mwaka 2012 watafiti walichambua sauti hizo na kukuta kwamba kila mlio, ingawa ni mfupi sana, una sehemu mbili. Ya kwanza inamtambulisha mwenye sauti, na ya pili inabadilika kulingana na anachofanya: anachimba, anatafuta huku na huku, au anahama. Kwa hiyo nguchiro aliyezamisha kichwa shimoni anajua nani yuko kushoto kwake na kama jirani huyo anaanza kuondoka. Hana haja ya kutazama.

Akipata yai, au konokono mwenye gamba gumu, hulibeba hadi kwenye jiwe au gogo. Hapo hulipa jiwe mgongo, akasimama ameachanisha miguu ya nyuma, akalishika yai kwa miguu ya mbele na kulirusha kwa nguvu kinyumenyume, likapita kati ya miguu yake na kugonga jiwe. Lisipopasuka huligeukia, hulishika upya na kurudia. Jongoo naye ana utaratibu wake. Hafai kuliwa alivyo kwa sababu ya majimaji yake makali, kwa hiyo nguchiro humviringisha na kumsugua mchangani mpaka majimaji yaishe, ndipo amle.

Huko Amerika ya Kati na Kusini yupo mnyama anayeishi kwa mtindo unaokaribiana na huu. Anaitwa koati, mwenye pua ndefu inayopinda na mkia anaousimamisha anapotembea. Kwa nasaba hawana udugu wa karibu: koati yuko upande wa mbwa na dubu, nguchiro yuko upande wa paka na fisi. Ila kazi ya kupekua majani msituni mchana kweupe, huku tai na paka wakubwa wakiwinda, imewasukuma wote wawili kwenye maisha ya kundi. John Kaufmann, aliyewafuatilia koati kwenye kisiwa cha Barro Colorado nchini Panama na kuchapisha kazi yake mwaka 1962, alionyesha kwamba makundi yao ni ya majike na watoto. Madume wazima huishi peke yao na kukaribishwa msimu wa kupandana tu. Jike anapokaribia kuzaa hujitenga, hujenga kiota juu ya mti, huzaa humo, na hurudi kundini watoto wakishaweza kutembea. Uzazi wa koati, basi, ni jambo la mama mmoja na faragha yake. Kwa nguchiro miraba hakuna faragha.

Tunayajua haya kutokana na kazi iliyofanyika jirani tu, Uganda. Kwenye rasi ya Mweya, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, pale Mfereji wa Kazinga unapokutana na Ziwa Edward, Jon Rood aliwachunguza nguchiro miraba katika miaka ya 1970. Tangu 1995 Michael Cant na wenzake wameendeleza utafiti usiokatika mahali pale pale, wakifuata makundi kadhaa kwa wakati mmoja. Miongoni mwa wenzake hao ni Waganda Francis Mwanguhya na Solomon Kyabulima, ambao majina yao yamo kwenye machapisho mengi ya mradi huo, na kwa haki kabisa, maana anayekaa porini mwaka mzima ndiye anayemjua mnyama. Kila nguchiro hutambuliwa kwa alama, mara nyingi manyoya yaliyonyolewa kwa mpangilio maalumu. Wamefundishwa kupanda mizani wenyewe kwa ujira wa maziwa kidogo. Majike wenye mimba hupimwa kwa mashine ya picha ile ile inayotumika kliniki kwa akina mama. Kwa hiyo kwa wengi wao historia inajulikana toka siku ya kutoka shimoni hadi kifo.

Mambo huenda hivi. Siku chache baada ya kuzaa, majike wa kundi hupata joto karibu kwa pamoja. Madume wakubwa humganda kila mmoja jike wake na kufukuza wengine, ingawa majike hupata nafasi ya kuponyoka. Mimba huchukua takriban siku 60. Halafu inakuja sehemu ambayo ukiisikia mara ya kwanza huamini: majike wenye mimba, hata wakiwa kumi, huzaa ndani ya kichuguu kimoja, na mara nyingi huzaa wote usiku mmoja. Asubuhi kuna rundo moja la watoto waliofumba macho, na wananyonya kwa jike yeyote mwenye maziwa.

Kwa nini usiku mmoja? Jibu si la upole. Jike akiwatangulia wenzake kuzaa, watoto wake wana hatari kubwa ya kuuawa, na wauaji ni majike wa kundi lake ambao bado wana mimba. Jike aliyechelewa naye hupata hasara ya namna nyingine: watoto wake huzaliwa wakakuta wenzao wameshakua, wakashindwa kugombania chakula na walezi. Njia salama ni moja, kuzaa siku watakayozaa wote. Wakishachanganyika, jike anayeua mtoto shimoni anaweza kuwa anaua wa kwake, na mauaji hukoma. Amani ya shimo lile imejengwa juu ya kutojua.

Hapo ndipo linapotokea jambo ninalolipenda kuliko yote katika elimu ya wanyama wa Afrika Mashariki. Harry Marshall, Cant na wenzao walijiuliza: kama mama hajui mtoto wake, atafanya nini akiwa na nguvu za ziada? Walichukua makundi saba ya Mweya, na kila majike waliposhika mimba, nusu yao walipewa gramu 50 za yai lililopikwa kila siku, nusu wakaachwa wajitafutie. Kama ilivyotarajiwa, waliokula mayai walizaa watoto wazito zaidi. Ungefikiri watoto hao wangeendelea kutangulia, kwa sababu mama zao walikuwa na afya na nguvu za kuwahudumia. Haikuwa hivyo. Majike walioshiba ndio waliowapa matunzo zaidi watoto wadogo, wale waliozaliwa na majike wasiolishwa. Baada ya muda pengo la uzito likafungwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021.

Watafiti wenyewe walimkumbuka mwanafalsafa wa Marekani, John Rawls, ambaye mwaka 1971 alitoa wazo kwamba sheria ya haki ni ile ambayo watu wangeikubali kama hakuna anayejua atazaliwa tajiri au maskini. Nguchiro hana falsafa, na si lazima awe nayo. Jike asiyejua yupi ni wake hufaidika zaidi kwa kumnyanyua aliye dhaifu, kwa sababu dhaifu huyo anaweza kuwa damu yake, na chakula kidogo humsaidia mdogo kuliko kinavyomsaidia aliyeshiba. Lakini kwamba hesabu hii imejiandika kwenye mwenendo wa mnyama wa kilo mbili, bila mahakama wala mhubiri, ni jambo ambalo sijazoea, na sitaki kulizoea.

Watoto hukaa shimoni kama wiki nne. Kila asubuhi kundi linapoondoka kutafuta chakula, mmoja au wachache hubaki kulinda, mara nyingi madume vijana ambao si baba wa yeyote aliyemo. Mlinzi hushinda na njaa na hupungua uzito. Watoto wakitoka, kila mmoja hujaribu kujipatia mlezi wake mmoja kati ya wakubwa, na akishampata humfuata unyayo kwa unyayo, analia, anapewa mdudu, analia tena. Humfukuza mtoto mwenzake anayesogea. Mlezi huyo si lazima awe mama wala baba. Uhusiano huo hudumu kwa wiki nyingi, mpaka mtoto anapofikisha miezi kama mitatu.

Ni wakati huo ndipo shule inapofanyika. Corsin Müller na Cant waliwapa nguchiro wa Mweya mayai ya plastiki yaliyojazwa wali na samaki. Wakubwa wengine waliyafungua kwa kung'ata, wengine kwa kuyarusha kwenye kitu kigumu, kwa mtindo ule wa kinyumenyume. Watoto waliokuwa kando walitazama tu. Miezi ilipopita na watoto hao wakapewa mayai yao, walifuata njia waliyomwona mlezi akiitumia: wa kung'ata wakang'ata, wa kurusha wakarusha. Hiyo ilikuwa mwaka 2010. Mwaka 2018 kazi nyingine, safari hii kwa kupima kemia ya sharubu, ilionyesha kwamba hata aina ya chakula anachokitegemea nguchiro mzima hufanana na cha mlezi wake wa utotoni, si cha wazazi wake. Kwa hiyo ndani ya kundi moja, kwenye kichaka kimoja, kuna mila kadhaa za kula zinazopokezanwa kwa malezi, na damu haihusiki.

Nisimfanye malaika. Kundi likijaa, majike wakubwa huwageukia vijana na kuwafukuza kwa meno, kwa siku kadhaa mfululizo. Wengine huruhusiwa kurudi, wengine huondoka moja kwa moja. Na kuna vita. Makundi mawili yanapokutana mpakani, nguchiro husimama kwa miguu ya nyuma kuhesabu wapinzani, huitana, kisha hukimbiliana, na wapo wanaokufa. Uchunguzi uliotoka mwaka 2020 ulifichua nani anaanzisha. Majike walio kwenye joto ndio wanaoliongoza kundi kuingia eneo la jirani, na vita vinapopamba moto hupandana na madume wa upande wa pili. Kwa kuwa wengi hubaki kwenye kundi walimozaliwa, undugu humo ni mkubwa mno, na mbegu ya nje huwapatia watoto wenye afya. Gharama huwaangukia madume, ambao ndio wanaopigana na ndio wanaokufa zaidi. Anayefaidi na anayelipa si mmoja.

Hata hivyo umoja huo huo unaoua ndio unaookoa. Mwaka 1983 Rood aliandika tukio la Serengeti: tai mkubwa, yule mwenye tumbo jeupe la madoa, alimnyakua nguchiro mzima na kutua naye mtini. Kundi halikutawanyika. Lilimfuata hadi chini ya mti, na dume mmoja akapanda, akamvamia tai kwa kucha mpaka akamwachia mateka. Nguchiro aliyeokolewa akaanguka chini na kuondoka na wenzake.

Ndugu yao mdogo, kitafe, mwenye uzito wa gramu 300 hivi, amechagua utaratibu tofauti. Katika kundi la vitafe huzaa hasa jike mkuu na dume wake, wengine ni wasaidizi. Mtu akitaka kumwona nguchiro wa kundi katika uwanda wa kati, huyu ndiye rahisi zaidi: asubuhi na mapema hujitokeza kwenye matundu ya kichuguu kuota jua, vichwa vinne au vitano vikichungulia. Anne Rasa alipowachunguza kwenye nyika ya Taru nchini Kenya, aliona hondohondo wakifika kichuguuni alfajiri na kuwasubiri waamke. Vitafe wakitembea hufurusha panzi, hondohondo wanakula. Kwa malipo, ndege hao hupiga kelele wanapomwona mwewe, hata mwewe wa aina isiyowadhuru wao bali vitafe. Wakiwapo hondohondo wengi, vitafe huweka walinzi wachache. Wasipofika, vitafe huchelewa kuondoka.

Utaona kwamba kila ninachoeleza kinaanzia na kuishia kichuguuni. Ndani ya kichuguu kilichohamwa na mchwa mna njia za hewa, kivuli na ukuta mgumu ambao mbweha hachimbi kwa urahisi. Nguchiro miraba huhama shimo kila baada ya siku mbili tatu, kwa hiyo kundi moja halihitaji kichuguu kimoja. Linahitaji vingi, vilivyotawanyika kwenye eneo lenye vichaka vya kukimbilia. Uwanda wa kati umejaliwa yote mawili. Kuelekea Manyoni na Itigi kuna vichaka vinene vya kipekee, vyenye kimo cha mita tatu hadi tano, ambavyo havifanani na vingine nchini. Upande wa Kondoa ardhi ilikuwa imemomonyoka hadi kubaki makorongo mekundu, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ukaanza mwaka 1973, mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi mwaka 1979, na nyasi na vichaka vikarudi. Ninalitaja hilo kwa sababu wengi husema ardhi ya huku ikishakwisha imekwisha. Haiishi hivyo.

Mjini kasi ni nyingine. Tangu Serikali ilipohamia kwa vitendo kuanzia 2016, na Dodoma kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, viwanja vinapimwa kila upande. Kichuguu ndicho kitu cha kwanza kusawazishwa, kama udongo wake haujachukuliwa tayari kwa matofali. Kundi linalobakia pembezoni hugundua jalala. Chakula ni kingi jalalani, ila kuna maradhi. Nchini Botswana, karibu na Chobe, nguchiro miraba wanaoishi jirani na watu wamekutwa na kifua kikuu cha aina yake, kilichotambulishwa kisayansi mwaka 2010, ambacho husambaa kwa harufu wanazopakana na kuingia kupitia michubuko ya pua. Kugombania mabaki huongeza michubuko. Kichaa cha mbwa nacho huweza kuvuka kati ya mbwa wasiochanjwa na wanyama wa namna hii, kwa pande zote mbili. Kufukia taka na kumpeleka mbwa kwenye chanjo kunawalinda wao kama kunavyotulinda sisi, na banda la kuku lenye wavu uliozikwa ardhini linamaliza ugomvi wa vifaranga bila mtego wala sumu.

Na kuna suala la tarehe. Mweya kuna mvua mara mbili kwa mwaka, na nguchiro wa huko huzaa karibu mwaka mzima. Palipo na msimu mmoja wa mvua, uzazi husogea kuufuata, maana ndipo wadudu wanapokuwa tele. Mvua ya Dodoma hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili. Katika miezi hiyo kichuguu chenye njia zilizolainishwa na nyayo mlangoni kinaweza kuwa na watoto wa majike sita au kumi, wasioweza kutoka kwa wiki nne za mwanzo, pamoja na mlinzi mmoja ambaye hatawaacha. Mwenye kiwanja anayelazimika kukisawazisha na afanye kazi hiyo kiangazi, kati ya Julai na Oktoba, ambapo kila aliyemo ana miguu ya kuondokea.